Waraka wa maimamu wa Ujiji kwa Serikali kuhusu Gaza: tuombe nini, na tupitie mlango upi?

Katibu wa Msikiti, Ujiji

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kwa ndugu zangu wasio Waislamu.

Mimi ni katibu wa msikiti mmojawapo hapa Ujiji. Maimamu wa misikiti ya jirani wamekubaliana kuiandikia Serikali waraka wa kueleza uchungu wa waumini kwa yanayowapata watu wa Gaza, na kazi ya kuandaa rasimu nimepewa mimi. Nimeandika kurasa tatu, na kila nikizirudia naona ni kurasa tatu za kilio: afisa atakayezipokea hataona mahali popote anapoombwa kufanya jambo.

Liko pia suala la mchango. Kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi walituletea bahasha ya kaki yenye noti za elfu moja na elfu mbili zilizokunjwa mara nne, bado zinanuka dagaa, wakasema ni za watoto wa Gaza. Bahasha hiyo imefungiwa kabatini kwa sababu hatujui njia halali ya kuifikisha, na kila Ijumaa wananiuliza imefika wapi. Sina jibu la kuwapa, na jambo hili linanikosesha usingizi.

Naomba ushauri. Tuandike wizarani moja kwa moja, kwa Mkuu wa Mkoa, au tupitie BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania? Barua yetu ya awali, tuliyoipeleka katika ofisi moja ya umma, haikujibiwa hadi leo.

Mstaafu wa Masjala, Mwanga

Waaleikum salaam, Katibu. Nimepokea barua za wananchi kwa miaka mingi, na nyingi hazikujibiwa kwa sababu hazikuwa na ombi, au ziliachwa mezani kwa mtu badala ya kuingizwa kwenye jalada. Andikeni kwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na nakala kwa Mkuu wa Mkoa na kwa Sheikh wa Mkoa. Najua si misikiti yote inayojiona iko chini ya BAKWATA, lakini nakala si utii. Ni adabu, na inamwondolea afisa kisingizio cha kuuliza ninyi ni akina nani. Pelekeni nakala mbili, mgongewe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yenu, kisha mrudi baada ya wiki mbili kuulizia kumbukumbu namba.

Mkitaka kusindikiza waraka kwa maandamano, sheria ya Jeshi la Polisi inawataka mtoe taarifa kwa Mkuu wa Polisi wa eneo saa 48 kabla. Ushauri wangu ni kwamba wazee watano wenye waraka mkononi wanatosha.

Kuhusu bahasha, msimpe mtu binafsi anayedai kuwa na njia zake, hata awe mcha Mungu kiasi gani, kwa kuwa fedha zinazokwenda kwenye eneo la vita huchunguzwa na benki na vyombo vya dola. Liandikeni kama ombi kamili: Serikali ituelekeze chombo kinachotambuliwa cha kupitishia mchango wa kibinadamu. Huku mkisubiri, zihesabuni mbele ya mashahidi, wakiwamo kina mama wawili wa Kibirizi, na muandike hati.

Mwalimu wa Historia, Tabora

Naomba kuongeza jambo la msingi, maana naona rasimu inaandikwa kana kwamba Serikali inaombwa msimamo mpya. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli mwaka 1973, na ilipotangazwa Dola ya Palestina Novemba 1988 nchi yetu iliitambua mwezi huohuo. Baadaye uhusiano na Israeli ulirejeshwa, na mwaka 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Kwa hiyo Serikali ina mlango wa kuzungumza na pande zote mbili, na ombi lenu lenye nguvu ni kwamba iutumie: misaada iingie bila vizuizi, na amri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 26 Januari 2024, iliyotolewa katika shauri lililofunguliwa na Afrika Kusini dhidi ya Israeli, itekelezwe. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayolihusu Taifa, itajeni.

Jambo la pili litawauma baadhi ya waumini, lakini nalisema kwa moyo mweupe. Katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, ambamo watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli, waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Waraka wa Watanzania usiowataja vijana hao utakuwa na tundu, na msomaji wa kwanza ataliona. Watajeni mwanzoni, muwape pole wazazi wao, kisha mseme ya Gaza, ambako Wizara ya Afya ya huko ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 67,000 kufikia Oktoba 2025.

Mama Mkatoliki, Kasulu

Kaka Katibu, mimi si Muislamu, lakini Gaza wamo Wakristo pia, na kanisa la Familia Takatifu lilipigwa Julai 2025. Papa Francisko alikuwa akiipigia simu parokia hiyo karibu kila jioni. Waombeni mapadri na wachungaji wa Kigoma watie saini nanyi. Sioni sababu ya kukataa.

Kuna wanaosema tunalilia mbali ilhali kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko hapa Kasulu, na Wakongo wamekuwamo tangu mwaka 1996. Mimi naona hilo ndilo linalowapa haki ya kusema. Mei 2015, wakimbizi Warundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani ufukweni mwa ziwa, na kipindupindu kikawakuta huko, meli ya MV Liemba iliwaleta Kigoma na wakawekwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Nilikuwa pale nagawa uji. Mtoto mmoja alikishika kikombe kwa mikono miwili akakataa kunirudishia, akidhani hatapata tena kesho. Semeni katika waraka kwamba mnaandika kama watu mliopokea wakimbizi.

Katibu wa Msikiti, Ujiji

Wazee wangu, Mwalimu na dada yangu wa Kasulu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Kurasa tatu zimekuwa moja na nusu. Aya ya kwanza ni ya pole kwa wazazi wa vijana wetu wawili, ya pili inaanzia Kagunga, kisha yanafuata maombi matatu, la mwisho likiwa la mchango. Imamu mmoja alipinga aya ya kwanza. Tulikaa naye hadi alasiri, akakubali ibaki. Paroko mmoja wa mjini ameomba asome rasimu kabla ya kutia saini.

Fedha tumezihesabu jana mbele ya kina mama wanne, kwa kuwa wawili walikataa kuachwa nje. Zimefika shilingi 186,000. Hati imesainiwa, na aliyeshindwa kuandika ameweka dole gumba.