Mbavu za Baba: Kikundi cha Familia, Bombo

Shangazi: Asalaam alaikum. Kaka yangu ameruhusiwa kutoka hospitali, na tunamshukuru Mungu kwamba pikipiki imemvunja mbavu tu, mguu umesalimika. Nimemwita mkandaji aje amfunge kifua kwa bandeji, kisha tumwache alale mpaka apone.

Dada Mkubwa: Waalaikum salaam, Shangazi. Nakuomba kama muuguzi na kama binti yake, asifungwe kifua. Zamani mbavu zilifungwa hata hospitalini, lakini kifua kilichobanwa hakipanuki, na mtu wa miaka 68 asipovuta pumzi hadi chini, makohozi hutuama mapafuni na nimonia ikaingia. Mbavu zitaunga zenyewe kwa wiki 6 hivi. Mapafu ndiyo yanayonitia hofu.

Baba Mdogo: Mwanangu, nimeshinda naye leo. Kikohozi kikimjia anakimeza huku jasho likimtoka kwenye paji la uso, na vidonge vya maumivu nimevikuta chini ya mto, havijaguswa. Anasema mwanamume huvumilia.

Dada Mkubwa: Basi hilo ndilo la kushughulikia kwanza, Baba Mdogo, kwa kuwa bila vidonge hivyo hawezi kukohoa. Apewe kwa saa zake, akumbatie mto kifuani anapokohoa, avute pumzi ndefu mara 10 kila saa akiwa macho, na mchana akae kitini na kutembea hadi uani, maana misuli ya mzee anayelala kutwa hunywea upesi. Akipata homa au akihema mbio, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Kaka, Jinja: Kofia ngumu alivaa, lakini anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kichwa je?

Dada Mkubwa: Umeuliza jambo zito. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikaonekana baada ya wiki kadhaa: kichwa kuzidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, upande mmoja kulegea. Dawa asiiache bila kauli ya daktari.

Kaka, Jinja: Ameshauliza ufunguo wa pikipiki.

Dada Mkubwa: Asipewe mpaka daktari aridhike, naye aweze kugeuka kutazama nyuma na kukanyaga breki ghafla bila kushika ubavu.

Shangazi: Nimekuelewa, binti yangu. Mkandaji nimemwambia asije, na vidonge nitampa kwa mkono wangu. Nani atalala naye leo?

Baba Mdogo: Mimi.