Naomba ushauri: chipu za RFID kwenye majaketi ya mtumba

Habari zenu wakuu. Nauza mitumba Mwanjelwa, hapa Mbeya. Siku hizi nakuta majaketi ya baridi yana lebo nene imeshonwa ubavuni. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona waya mwembamba uliojikunja na kidoa cheusi katikati. Ni chipu ya RFID, yaani kitambulisho kinachosomwa kwa mawimbi ya redio.

Ninavyofahamu haina betri wala GPS, inaamka tu ikipigwa mawimbi na mashine ya kusomea iliyo mita chache. Maduka ya Ulaya huitumia kuhesabu mali. Ila kila chipu ina namba yake ya pekee, na isipozimwa pale kaunta inaendelea kusomeka. Hilo ndilo linaloniuma. Mwaka 2003 Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, walipanga kuziweka kwenye nguo, watu wakahofia kufuatiliwa na wakatangaza kuwasusia, mpango ukaishia hapo. Sisi tunaovaa baada yao nani katuuliza?

Mama mmoja wa Uyole kanirudishia koti la mwanae kwa hofu, na simlaumu. Je, nizikate zote kabla ya kupanga mezani? Shida ni kwamba lebo hiyohiyo ndiyo ina saizi na maelezo ya kufua, na wateja huitazama. Na wanaojua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inagusa jambo hili?