Bendi tofauti za roki na metali zenye jina moja: mnazitenganishaje kwenye maktaba ya muziki?

Santuri_Nyeusi
Wakuu, programu ya kuchezea muziki inanichanganyia bendi zenye jina moja. Pentagram ziko tatu, ya Marekani, ya Chile na ya Uturuki, ila kwenye orodha ni bendi moja. Death vilevile: kuna panki ya Detroit na kuna ile ya Florida. Sabbat ya Uingereza nayo imemezana na ya Japani. Faili ni FLAC na MP3. Nifanyeje kila moja ikae peke yake? Na albamu ambazo tagi zake (maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili) ni nusunusu, nitajuaje ni ya nani?

Besi_Nne
Mkuu, programu nyingi hutambua bendi kwa herufi za jina tu. Anza na Pentagram, maana hiyo ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Wamarekani walitoa albamu mwaka 1985 wakaiita Pentagram. Waturuki nao albamu yao ya kwanza, ya 1990, wakaiita Pentagram. Jina la bendi moja, jina la albamu moja, kwa hiyo zinashonwa pamoja: wimbo namba 1 unaonekana mara mbili, namba 2 mara mbili, na jalada ni la ile iliyotangulia kusomwa. Ukiona namba zinajirudia, ujue ni hilo.

Fungua folda ya albamu moja kwenye Mp3tag, programu ya kuhariri tagi, chagua nyimbo zote kwa Ctrl+A, kisha bonyeza Alt+T uone tagi zake. ARTIST (msanii wa wimbo) usiiguse. Badilisha ALBUMARTIST (msanii wa albamu) pekee. Wachile siku hizi wenyewe hujiita Pentagram Chile, na Waturuki nje ya kwao hutumia Mezarkabul, kwa hiyo majina tayari unayo. Wamarekani waache na jina tupu. Badilisha na jina la folda, kwani folda mbili za jina moja haziwezi kukaa mahali pamoja. Halafu iambie programu ipange kwa ALBUMARTIST na isome upya maktaba nzima, si faili mpya tu, la sivyo itaendelea kukuonyesha kumbukumbu ya zamani.

ARTIST inaachwa kwa sababu Last.fm, tovuti ya kuweka rekodi ya muziki unaosikiliza, huhesabu usikilizaji kwa hiyo. Huko bendi za jina moja hukaa ukurasa mmoja, na kwa tagi hutaweza kuzitenganisha.

Gitaa_Kavu
Besi_Nne kasema vizuri, ila ukitumia MusicBrainz Picard, programu inayojaza tagi kutoka mtandaoni, baada ya hapo kazi yote inafutika. Picard ikihifadhi hurudisha ALBUMARTIST kuwa Pentagram. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya tagi, uongeze albumartist kwenye orodha ya tagi zisizobadilishwa.

Faida ya Picard ni kwamba huandika kitambulisho cha bendi, herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari, na hicho hakifanani kwa bendi mbili hata majina yakifanana. Programu ya kuchezea isipokisoma, bado kitakusaidia wewe kukagua.

Na tafadhali usiandike skripti (amri za kujiendesha) ya kubandika nchi ya toleo kwenye jina. Hiyo ni nchi ilikotolewa diski, si kwao bendi. Albamu ile ya Wamarekani ya 1985 ilitolewa upya mwaka 1993 kwa jina la Relentless na Peaceville, lebo ya Uingereza. Utajikuta na Pentagram ya nne.

Kasha_la_Kaseti
Kuhusu kujua ni ya nani: mwaka peke yake unadanganya. Death ya Detroit, ndugu wa ukoo wa Hackney, walirekodi miaka ya 1970, lakini ...For the Whole World to See ilitoka 2009 kwa lebo ya Drag City. Ukipanga kwa mwaka itakaa baada ya The Sound of Perseverance ya 1998, kana kwamba ni albamu ya mwisho ya Chuck Schuldiner, kiongozi wa Death ya Florida, aliyefariki 2001. Sikiliza sekunde thelathini: Detroit wanaimba kwa sauti ya kawaida na gitaa la panki, Florida ni kunguruma.

Sabbat: History of a Time to Come (1988) ni Uingereza, Envenom (1991) ni Japani. Slayer ikiwa na Prepare to Die, hiyo ni ya San Antonio, Texas, si ya Los Angeles. Warrant yenye The Enforcer (1985) ni Wajerumani. Nirvana yenye Rainbow Chaser ni Waingereza wa miaka ya 1960, waliowashitaki Nirvana ya Marekani, wale wa albamu ya Nevermind, wakamalizana nje ya mahakama.

Besi_Nne
Batushka usiitenganishe kwa nchi kama hizo. Ilikuwa bendi moja ya Poland iliyopasuka, na mwaka 2019 kila upande ukatoa albamu kwa jina lilelile: Drabikowski alitoa Panihida, Krysiuk akatoa Hospodi. Litourgiya ya 2015 iache chini ya Batushka tupu, hizo mbili ziandikie jina la mwenye upande. Upande wa Krysiuk sasa unaitwa Patriarkh.

Gitaa_Kavu
Rhapsody ya Italia ni kinyume chake. Mwaka 2006 ilibadili jina kuwa Rhapsody of Fire, kwa hiyo bendi moja inakutokea mara mbili kwenye orodha. Hapo ALBUMARTIST unaunganisha, hutenganishi. Luca Turilli's Rhapsody iache mbali, hiyo ni bendi nyingine.