Karatasi za kujaza kabla ya kumwona mshauri wa masomo: zinasaidia ama ni mzigo?

Mwalimu_Njoro: Wakuu naomba maoni. Hapa chuoni kwetu upande wa Nakuru tumeambiwa kuanzia muhula huu mwanafunzi asiingie kwa mshauri wa masomo kabla hajajaza karatasi mbili. Moja ina masaa yote 168 ya wiki, unaonyesha unalala lini unasoma lini. Nyingine ni ya malengo, alama za CAT (ile mitihani midogo ya ndani ya muhula) na watu wa nyumbani. Mimi naziunga mkono kabisa. Wanafunzi ni wengi, dakika ni chache, na mtu akija mikono mitupu muda wote unaishia kwa "kwani shida ni gani?"

Komredi_Kondele: Mwalimu kwa heshima zako, kuna kama hizo zililetwa kwetu pia na nimezijaza. Ile ya masaa, kulala masaa 8 imeshachapishwa ndani, yaani 56 kwa wiki yameenda kabla hujashika kalamu! Mimi saa kumi na moja alfajiri niko soko la Kibuye namshushia mathe nyanya, hayo nitayaandika wapi, pembeni? Halafu wanauliza kama unafikiria kubadilisha somo lako kuu. Hiyo imetolewa Marekani vile ilivyo, huko mtu anaweza kuingia chuo hajaamua anasomea nini. Huku KUCCPS, ile ofisi ya serikali ya kugawa wanafunzi vyuoni, imekupeleka kwa kozi na yuniti nyingi zimeshapangwa, sasa nabadilisha nini?

Mtu_wa_Lurambi: Hizo karatasi ni za watu wa diploma. Mtu wa digrii amepita mtihani wa kidato cha nne na C+ kwenda juu, anajua anachotaka, hahitaji kushikwa mkono.

Fundi_Stima: Ati za watu wa diploma??? Lurambi umenikera asubuhi yote. Mimi nilisomea stima poly hapa Kisumu na sijawahi kushikwa mkono na mtu. Diploma inaanzia C-, ndiyo, na hiyo C- yangu ndiyo inawasha taa kwa nyumba za watu wa digrii. Na nyinyi mkienda atachi, kujifunza kazi kwa kampuni, si mnajaza logbuku kila siku na msimamizi anasaini? Hiyo ni nini kama si karatasi ya kujaza?

Mtu_wa_Lurambi: Logbuku ni ya kazi uliyofanya, si ya kuulizwa ndoto zako. Usichanganye. Na sikukutaja wewe, mbona umejitokeza?

Fundi_Stima: Ulitaja diploma, mimi ni diploma. Wacha nikuulize, digrii yako inakulipa pesa ngapi?

Mama_Webuye: Vijana tulieni. Mimi kilichoniuma ni kingine. Karatasi ya binti yangu iliuliza nani analipa karo, na kama mimi na babake tunaishi pamoja. Akaambiwa aiache pale mapokezi. Imekaa juu ya meza, hata haijafunikwa, kila anayekuja kupigiwa muhuri anaisoma. Si kuna ile sheria ya kulinda data ya 2019? Nani alikubali mambo ya nyumba yangu yasomwe na foleni?

Komredi_Kondele: Mama hapo kwa karo umegusa kidonda. Huu mfumo wa bendi wa 2023, wa kupanga karo kulingana na uwezo wa familia, mwenzangu tunatoka mlango mmoja na tuko bendi tofauti. Korti kuu iliukataa 2024, ikakatiwa rufaa, na sisi bado tunalipishwa kwa bendi hizo hizo.

Mtu_wa_Lurambi: Bendi ni haki, mwenye nacho alipe zaidi.

Fundi_Stima: Bado hujanijibu swali la pesa.

Mwalimu_Njoro: Tumetoka kwa mada kabisa. Kuna Mmarekani mmoja, Crookston, kama sikosei ni 1972, alisema kushauri mwanafunzi ni kufundisha, si kama daktari anayeandika dawa na mgonjwa anaenda. Karatasi inamfanya kijana afikirie mwenyewe kabla ya kuambiwa. Nimewaona wakijaza masaa yao halafu wananyamaza, wanajua penye shida kabla sijafungua mdomo. Hilo mimi silitupi.

Komredi_Kondele: Sawa mwalimu, kama ni kufundisha basi fundisha. Keti na mimi tuijaze pamoja, usinitumie kwa saiba nikalipie kuchapa, niirudishe ikae kwa faili. Mimi CAT zangu za yuniti moja hazionekani kwa potali tangu mwaka jana, nimezunguka ofisi nne, na kwa hiyo karatasi hakuna mahali pa kuandika hivyo. Kuna "unajipangaje kuinua alama zako". Alama gani, na hazipo!

Mtu_wa_Lurambi: Hilo la alama peleka kwa mkuu wa idara, si la mshauri. Na Fundi, nalipwa vizuri, asante.

Fundi_Stima: Vizuri ni ngapi?

Mwalimu_Njoro: Komredi, sehemu ya alama zisizoonekana nitapendekeza iongezwe. Kuhusu kujaza pamoja nakubali, ila nipeni basi washauri wengine wawili.

Mama_Webuye: Mwalimu umemjibu Komredi, mimi hujanijibu. Hapo kwenu zikishajazwa zinawekwa wapi, na ufunguo anao nani? Maana binti yangu amekataa kujaza nyingine, na sasa anaambiwa bila hiyo hataonana na mshauri.