Neti inajiviringa kwenye rola ya mpira, haiingii kwenye robota

Tinga_Jomvu

Assalaam aleikum wakuu. Nimechoka, nisaidieni.

Mimi ni dereva, naendesha tinga na bela ya duara ya bosi wangu, ile mashine ya kuviringa nyasi kuwa marobota na kuyafunga kwa neti. Twakaa Jomvu lakini nyasi twakata huko mbele ukishapita Mazeras. Bela yenyewe ni mtumba wa ng'ambo. Ilishuka bandarini, ikakaa yadi juani miezi kadhaa kabla ya kutolewa. Kitabu chake ni Kijerumani kitupu, labda niwafuate watalii Nyali wanisomee.

Robota likijaa nasimama, naiacha PTO (ule mhimili wa tinga unaoendesha bela) izunguke, navuta kamba ya neti. Asubuhi kazi ni safi, marobota matano au sita yanatoka yamefungwa mpaka unayapenda. Jua likianza kuchoma, kwenye saa nne hivi, mlio wabadilika. Ule mkwaruzo wa neti ikipita wakatika, badala yake nasikia pap, pap, pap. Nikishuka nakuta robota li uchi tumboni mwa bela, na neti yote imejizungusha kwenye rola ya mpira, imekaza kama kilemba cha maulidi. Nachukua kisu cha samaki naikatakata nusu saa nzima. Natia upya. Marobota mawili, imerudi pale pale. Juzi katika marobota 20 nimekwama mara 7.

Nimeshabadilisha roli ya neti, si neti mbovu. Breki ya roli nimeilegeza, maana mwanzoni neti ilikuwa ikichanika. Bosi naye ana hesabu zake: roli ni mita 3000, robota moja lala mita 9 na kitu kwa mizunguko miwili na nusu, kwa hivyo yeye ataka marobota 300 kwa roli. Nikimwambia nyingine imeishia kwenye rola aniangalia kama nimeiuza kwa wavuvi.

PwaniDizeli

Umeitia kinyume hiyo roli. Geuza. Ikikataa, paka oili kidogo kwenye mpira iteleze.

Tinga_Jomvu

Ndugu, ingekuwa kinyume hata la kwanza la asubuhi lisingefungika. Nimefuata mchoro ulio ndani ya mfuniko, mshale kwa mshale. Hiyo oili ngoja kwanza, wasije wengine wakanicheka.

FundiMiritini

Usipake oili, mwanangu, wala grisi. Ile rola ya mpira kazi yake ni kuibana neti na rola ya chuma, kisha kuisukuma mpaka mkia wake ushikwe na robota linalozunguka. Ukiipaka mafuta itateleza, na neti haitakwenda popote. Halafu mafuta yanaula mpira, unavimba na kulainika. Hapo utakuwa umenunua ugonjwa mwingine.

Mpira uliokaa yadi miezi kwa joto letu huanza kunata. Asubuhi ukiwa baridi unavumilika. Ukipata moto wa jua unashika neti kama gundi, na neti ikishashikwa inafuata rola badala ya kuingia tumboni. Weka kiganja juu yake saa sita mchana, mashine ikiwa imezimwa, uniambie unasikia nini.

Swali la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Hicho kisu cha samaki unakatia wapi? Piga picha ya mpira kwa karibu, hasa pembeni.

Na kabla hujatia mkono humo ndani: PTO zima, injini zima, ufunguo tia mfukoni. Kisha ujue kile kisu cha bela cha kukatia neti kina springi yake. Hakingojei injini ndipo kianguke. Mimi nina kidole kimoja kifupi na sikukipoteza shambani, nilikipoteza gereji, mashine ikiwa kimya kabisa.

Tinga_Jomvu

Mzee, nimetii. Ufunguo mfukoni. Kiganja kimenata kweli, kama kugusa maandazi yenye shira.

Picha hizo hapo. Kumbe mpira una mikato! Nimehesabu kumi na moja, mingi upande wa kulia, mmoja waingia ukucha wangu mzima. Na ndani yake mna nyuzi za neti zimenasa. Wallahi sikuwahi kuiona, nilikuwa naona neti tu.

FundiMiritini

Nilijua. Kila ukiikata neti juu ya mpira, kisu kinaacha jeraha. Jeraha linanasa uzi, uzi unavuta neti, neti inajiviringa, nawe unarudi na kisu. Mara 7 kwa siku moja! Tangu leo ikijiviringa tafuta ncha yake uifungue kwa mkono, ukizungusha rola kinyumenyume. Ikibidi kukata, kata kule kwenye chuma.

Sasa ng'oa nyuzi zote kwa koleo. Osha mpira kwa maji ya sabuni, ukauke. Pitisha msasa laini kote sawasawa kwa mkono, ule ung'aavu utoke na midomo ya mikato ilale. Usikazanie sehemu moja ukaitia bonde. Kisha poda ya mtoto, ile ile ya dukani, pakaza mpira mzima.

Breki uliyoilegeza irudishe. Ikiwa legevu, roli inaendelea kuzunguka kwa kasi yake, neti inalegea na kukunjamana, na iliyokunjamana ndiyo inayopenda kujizungusha. Ilipokuwa ikichanika pengine tayari ilikuwa inavutwa na huo mpira, si kosa la breki.

La mwisho, bana kipande cha gazeti kati ya rola mbili: kushoto, katikati, kulia. Kivute. Uzito uwe mmoja. Upande mmoja ukiachia kirahisi, springi ya huko imechoka. Na unapofunga, usipunguze mafuta ukadhani unaihurumia mashine. PTO ni mizunguko 540 kwa dakika, ibaki 540.

MamaNgombe_Kisauni

Samahani naingilia, mimi ni mnunuzi tu. Nyinyi mnaokatakata neti, vipande mnatupa wapi? Nimewahi kuokota kimoja mdomoni mwa ng'ombe, kiko ndani ya nyasi nilizolipia pesa. Akimeza hakiyeyuki tumboni kile. Tafadhalini muwe na gunia.

Tinga_Jomvu

Haki yako mama. Gunia nimelifunga kwenye tinga leo, na wala si la wavuvi.

Mrejesho: gazeti lilikuwa jepesi kulia, kule kule kwenye mikato. Springi tumeikaza kidogo. Msasa na sabuni vimekula asubuhi nzima. Poda nimeitoa nyumbani, mke wangu ajua na hajafurahi.

Leo marobota 34, nimekwama mara moja tu, robota la 27, saa nane jua kali. Nilifungua kwa mkono, na ulikuwa ule mkato wa kuingia ukucha. Nikatia poda tena, yaliyobaki yakafungika.

Bosi nimemwonyesha picha za mpira, akanyamaza, kisha akauliza rola mpya ni pesa ngapi. Mzee, hapa Mombasa kuna anayevua mpira wa zamani akavika mwingine juu ya chuma kile kile, au ni lazima niagize rola nzima?

FundiMiritini

Wapo. Lakini usiwapelekee rola mikono mitupu. Pima kwanza unene wa mpira pale usipolika, kwenye ncha kabisa, uwaandikie. Wakiuvika mnene kupita wa kwanza, neti itaenda kasi kuliko bela inavyotaka, na utarudi hapa na swali jingine.