Kukodi gari kutoka Copenhagen hadi Bergen na familia: gharama na barabara zikoje?

Bi Rehema aliuliza:

Habari zenu wadau. Mwezi wa saba tuna harusi ya mdogo wangu Copenhagen, Denmaki. Baada ya hapo mume wangu anataka tukodi gari tupite Göteborg kule Uswidi, kisha Oslo mpaka Bergen kule Norwei. Tuko wanne, pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, ndiyo maana tukafikiria gari. Hofu yangu ni mbili: sisi tumezoea kuendesha kushoto, halafu kila ninayemuuliza ananiambia huko hela haikai mfukoni. Mnaoishi huko, hela inaishia wapi hasa?

Dereva wa Göteborg:

Karibuni sana dada Rehema. Mimi nasambaza vifurushi hapa Göteborg, siku nzima niko kwenye usukani, kwa hiyo nitakueleza ninachokiona kila siku.

La kushoto na kulia lisikunyime usingizi. Waswidi wenyewe waliendesha kushoto mpaka tarehe 3 Septemba 1967, wakahama nchi nzima kwa siku moja. Kwenye msururu wa magari hutapotea, unamfuata wa mbele. Hatari iko pale mnapotoka kituo cha mafuta asubuhi na barabara ni tupu, mkono unarudi kwenye mazoea. Mama mkwe akae nyuma, wewe kaa mbele na kazi yako iwe kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani. Kwenye kipilefti mnazunguka mkielekea kulia na mnampisha anayetoka kushoto kwenu.

Sasa hili msilisahau. Mitaani Uswidi na Norwei, kwenye njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia ndiye anayepita kwanza, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Mkiona kibao cha njano chenye umbo la almasi, ndipo barabara yenu ina haki. Na pale Copenhagen, kabla ya kukata kona ya kulia, mume wako ageuze shingo kabisa atazame nyuma ya bega. Baiskeli zinakuja kwa kasi kwenye njia yao na zinakwenda moja kwa moja, hazisimami kukusubiri, na sheria iko upande wao.

Kuhusu hela: watu huogopa mafuta, kumbe mafuta unayaona na unayapangia. Zinazouma ni zile zinazokatwa kimyakimya. Hapa Göteborg kuna kodi ya msongamano, yaani tozo ya kupita mjini na gari, Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Kamera inapiga picha namba ya gari, basi. Kwa bahati yenu Julai haitozwi hapa. Norwei nako tozo za barabara zinasomwa na kamera hivyohivyo. Bili inakwenda kwa aliyewakodisha, naye anaikata kwenye kadi yenu baada ya wiki kadhaa, mara nyingi na ada yake juu. Kwa hiyo acheni akiba kwenye kadi hata mkisharudi nyumbani.

Daraja la Öresund kutoka Copenhagen kwenda Malmö, upande wa Uswidi, gari dogo linalipa zaidi ya kroni 400 za Denmaki kwa kuvuka mara moja. Linganisheni na kivuko cha Helsingør kwenda Helsingborg, ni kama dakika ishirini tu majini, na mama atapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Lakini swali la kwanza kabisa la kumuuliza mkodishaji ni hili: nikilichukua gari Denmaki nikaliacha Norwei, nalipa nini? Ada ya kuliacha nchi nyingine inaweza kuizidi gharama ya kukodi yenyewe. Kwa maoni yangu, pandeni treni Copenhagen hadi Göteborg, kisha basi au treni hadi Oslo, halafu kodini hapo Oslo na mrudishe hapohapo.

Mkaazi wa Bergen:

Naunga mkono. Niongeze machache ya huku. Mwendo nje ya miji kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na faini za Norwei ni kali mno, msijaribu hata kidogo. Taa za mbele ziwake hata mchana kweupe, ni sheria nchi zote tatu. Kiwango cha pombe kwenye damu huku Norwei ni 0.2 kwa elfu tu, yaani aliyekunywa asishike usukani. Mkija Bergen kutoka Oslo kwa barabara ya E16 mtapita handaki la Lærdal, kilomita 24.5, refu kuliko mahandaki yote ya magari duniani. Ndani wamechimba kumbi zenye mwanga wa buluu ili dereva asisinzie. Jumapili maduka makubwa yanafungwa, nunueni chakula Jumamosi.

Bi Rehema:

Asanteni sana, kaka zangu. Mume wangu amesoma, ameanza kulegea kuhusu treni. Na chakula je? Mama hawezi kushindia mikate.

Dereva wa Göteborg:

Chakula cha jioni mgahawani kwa watu wanne kitawaumiza kweli. Kuleni mchana badala yake. Hapa Uswidi tafuteni kibao cha "dagens" kwenye migahawa ya watu wa kazi, kuanzia saa tano na nusu hivi: sahani ya chakula cha moto, saladi, mkate na kahawa vyote kwa bei moja. Mimi hushinda nacho hicho, samaki na viazi, au nyama ya kuchemsha, na mama ataifurahia. Jioni pikeni wenyewe. Chukueni nyumba yenye jiko. Mkiingia Norwei kwa barabara, nunueni mahitaji Strömstad kabla ya mpaka, Wanorwei wenyewe huvuka kuja kununua huko. Maji msinunue popote, ya bomba ni safi.

Fedha taslimu msijihangaishe kubadilisha nyingi, maduka mengi hapa hayapokei. Kila nchi ina kroni yake, kadi yenye namba ya siri inatosha. Mkodishaji atataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, siyo la mke.

Na jambo la mwisho: alfajiri na jioni kwenye misitu, punguzeni mwendo. Kuna mnyama anaitwa älg, anamzidi farasi kwa kimo, miguu mirefu. Ukimgonga, mwili wote unaangukia kwenye kioo cha mbele. Mkiona kibao chake cha pembetatu, mtazame kandokando ya barabara wote, na mkimwona mmoja akivuka, subirini, ndama huwa nyuma yake. Namba ya dharura ni 112.