MJADALA: Mzee akivuka 75 akakutwa na saratani, apewe kemo (dawa kali za kuua saratani) na mionzi au "tusimtese"?

Mleta Mada
Wakuu, hoja ni hii. Majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yakirudi na neno saratani, kwenye vikao vya familia hapa Dar huibuka kambi mbili. Ya kwanza: mzee keshakula chumvi nyingi, tusimtese. Ya pili: tuuze hata kile kiwanja cha Chanika, apewe kila dawa iliyopo. Kambi zote mbili zinaangalia mwaka wa kuzaliwa tu. Msimamo wangu ni kwamba umri peke yake hauamui chochote, si kumnyima dawa wala kumjaza dawa. Anayepinga apinge kwa namba.

Kipimo Kwanza
Naunga mkono, na kuna namna ya kupima. Dodoso la G8 lina maswali 8: hamu ya kula, kupungua uzito miezi 3 iliyopita, kutembea, kumbukumbu na msongo, uwiano wa uzito na urefu, kama anatumia dawa zaidi ya 3 kwa siku, anavyojiona akijilinganisha na rika lake, halafu umri. Alama za juu ni 17. Akipata 14 kushuka chini anahitaji kuchunguzwa kwa kina kabla ya dripu ya kwanza. Tazameni umri umewekwa wapi: swali moja kati ya nane.

Lipo na zoezi la kiti. Mzee anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa. Akizidi sekunde 12 au 14 (vituo hutofautiana), hatari ya kuanguka ni kubwa. Dawa ya kemo kama paklitakseli inayotia ganzi miguuni itamwangusha bafuni kabla saratani haijamfanya lolote.

Mleta Mada kataka namba. Marekani walifuatilia wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye saratani iliyosambaa, matokeo yakatoka 2021. Pale daktari alipopewa ripoti ya uchunguzi wa uzee pamoja na mapendekezo yake, waliopata madhara makali walikuwa 51%. Pale asipopewa, 71%. Vifo ndani ya miezi 6 havikutofautiana.

Mfamasia wa Ilala
Ongezeni figo. Watu wanasoma kreatinini (taka ya kwenye damu inayosafishwa na figo) 1.0, kwa miligramu, wanasema "figo safi". Chukueni bibi wa miaka 78, kilo 48. Hesabu: 140 toa umri, mara uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, mwanamke zidisha kwa 0.85. Yaani 62 × 48 = 2,976; gawanya kwa 72 unapata 41; mara 0.85 ni 35. Figo hizo zinasafisha mililita 35 kwa dakika, na karatasi ya maabara haina hata alama ya nyota ya tahadhari!

Sisplatini, dawa ya kemo, hapo haigusiki, wengi wanaiacha figo zikishuka chini ya 50. Kapesitabini, kemo ya vidonge, inashushwa hadi robo tatu, chini ya 30 haitolewi kabisa. Kaboplatini, ndugu ya sisplatini, yenyewe hupigiwa hesabu: lengo la 5 (kiwango cha dawa kinachotakiwa mwilini) mara (35 + 25) ni miligramu 300. Anayekadiria figo za bibi kwa macho akaweka 90 ataandika 575. Hapo mtasema kemo imemuua kwa sababu ya uzee.

Halafu familia yenyewe inaongeza tatizo. Mgongo ukiuma wanamnunulia diklofenaki ya maumivu dukani, na figo zinapigwa mara ya pili. Anayetumia warfarini (ya kuzuia damu kuganda) akaanzishiwa kapesitabini anaweza kuvuja damu, na hakuna aliyeuliza kwa sababu dawa ya moyo inatoka kliniki nyingine. Siku ya kwanza wekeni vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, na majani ya kuchemsha pia, mwende navyo.

Foleni Ndefu
Hesabu nzuri. Sasa shukeni chini. Kliniki imejaa tangu saa moja asubuhi, nani atakaa na bibi dakika 40 kumpima kumbukumbu? Pili, dawa hazitoshi kila wakati. Mama wa miaka 34 mwenye saratani inayoweza kupona, na babu wa 80 ambaye saratani imeshafika kwenye ini: chupa ni moja. Mnagawaje bila umri?

Tatu, safari. Mionzi ya shingo ya kizazi ni kama vikao 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5, bado ile mionzi inayowekwa ndani ya mwili. Bibi anayetoka Kimara apande mwendokasi hadi Kivukoni, halafu atafute bajaji hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, kila siku, huku anaharisha. Aliyetoka Kigoma ndiyo kabisa, atalala kwa nani wiki 5? Mzee asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu kuanzia miaka 60, sawa, lakini msamaha haulipi nauli wala chumba.

Kipimo Kwanza
Mkuu, kwenye chupa moja hujagawa kwa umri. Umegawa kwa "inaweza kupona" na "imefika kwenye ini". Geuza mfano: mama wa 34 ndiye wa ini, na babu wa 80 ana limfoma (saratani ya mitoki) ya kasi. Ufaransa na Ubelgiji waliwapa waliovuka 80 kemo ya limfoma hiyo kwa dozi iliyopunguzwa, pamoja na rituksimabu, dawa inayolenga chembe za limfoma. Baada ya miaka 2, 59% walikuwa hai. Bado utampa nani?

Safari nakubali, tena ndiyo hoja yako yenye nguvu. Ila vikao 25 si amri kwa kila saratani. Maumivu ya mfupa: kikao kimoja cha grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kinatuliza sawa na vikao 10, tofauti ni kwamba wengi zaidi watahitaji kurudia baadaye. Titi baada ya upasuaji: Uingereza walilinganisha vikao 15 na vikao 5 vya wiki moja, jumla grei 26, na kwa miaka 5 saratani haikurudi zaidi. Sharti ni mashine inayotandaza dozi sawasawa. Titi kubwa kwenye mashine ya zamani ya kobalti usijaribu.

Tezi na Mkojo
Kwenye tezi dume iliyosambaa mnabishana kemo bure, tiba ya kwanza ni kushusha homoni. Njia mbili: sindano ya goserelini kila siku 28, au kuondoa korodani, upasuaji mdogo wa mara moja, homoni inashuka ndani ya saa chache. Sindano ikikosekana mwezi mmoja homoni inaweza kupanda, na mzee wa mkoani ataikosa tu. Wanaume wengi wanakataa upasuaji wakisikia neno lenyewe. Waelezwe kwamba joto la ghafla, nguvu za kiume kupungua na mifupa kudhoofika vipo kwenye njia zote mbili.

Na jamani, mzee mwenye saratani ya tezi akisema miguu imelegea au mkojo umekataa kutoka, msimkande. Uti wa mgongo unabanwa. Ni hospitali siku hiyohiyo, deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, na mionzi ndani ya saa 24 ikiwezekana. Akishapooza siku mbili tatu, mara nyingi miguu hairudi.

Meza ya Maabara
Mmesahau kwamba bibi wengi wenye saratani ya titi wanaweza kuikwepa kemo kabisa, wakameza vidonge vya kuzuia homoni, letrozoli miligramu 2.5 au tamoksifeni 20 kwa siku. Inategemea kama uvimbe una vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe ambako homoni hushika na kuukuza. Uvimbe ukiwa na vipokezi, usiozidi sentimita 2, bibi kavuka 70, umeondolewa wote na anameza tamoksifeni, hata mionzi inajadilika: bila mionzi ulirudi palepale kwa 10% ndani ya miaka 10, kwa mionzi 2%, na urefu wa maisha haukutofautiana.

Sasa jibu la vipokezi linaharibikia kwenye chupa. Nyama inatakiwa iingie kwenye formalini (maji ya kuhifadhi nyama isioze) ya 10% ndani ya saa moja tangu ikatwe, formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, ikae saa 6 hadi 72. Inayofika ni titi zima limesukumwa kwenye ndoo yenye formalini ya kulowesha chini tu. Formalini hupenya kama milimita moja kwa saa, hivyo katikati nyama inaoza. Kipimo kinasoma "hakuna vipokezi", bibi anaandikiwa dripu. Daktari mpasuaji apasue kipande katikati ya uvimbe, aandike saa ya kukata kwenye fomu. Ndugu wanaobeba chupa, iangalieni: nyama ielee, isikwame.

Shufaa
Kambi ya "tusimtese" nayo inakosea inapodhani kuacha kemo ni kuacha tiba. Mofini ya maji kwa mzee huanza miligramu 2.5 hadi 5 kila saa 4. Mwenye figo zile za 35, kila saa 6. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupungua. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha inaanza siku ileile. Someni nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, maana "kijiko kimoja" cha chupa ya leo si lazima kiwe dozi ya chupa iliyopita.

Lingine. Nusu ya vikao hivi mzee mwenyewe hayupo. Kaambiwa ana vidonda vya tumbo.

Foleni Ndefu
Hapo nitatetea familia. Wapo wazee ambao neno kansa linawalaza kitandani siku hiyohiyo. Kuficha nako ni huruma.

Shufaa
Muulize kwanza anataka kujua kiasi gani. Akisema "zungumzeni na mwanangu", hayo ni maamuzi yake, yaheshimuni. Lakini kumpa kemo mtu anayedhani anatibiwa vidonda ni hatari. Siku ya 7 hadi 14 chembe nyeupe zinashuka. Homa ya 38 hapo ni dharura. Yeye atajua ni malaria, atameza dawa mseto na panadoli, homa itajificha, mtamfikisha hospitali kesho yake presha imeshashuka.

Foleni Ndefu
Hiyo ya homa sina jibu nayo. Ya nauli bado hamjanijibu.

Mgeni wa Jukwaa
Hesabu ya Mfamasia haitoki. Mwanaume, miaka 81, kilo 60, karatasi inasema kreatinini 97. Jibu linakuja 0.5.

Mfamasia wa Ilala
97 ni mikromoli. Gawa kwa 88.4 kwanza, ni 1.1. Rudia: 59 × 60 gawanya kwa 79.2, ni 45 hivi. Na kama alipimwa akiwa anaharisha, mnywesheni maji siku mbili mpime tena kabla hamjapanga dozi.